Macho ya Baba

Migwani

Kwako dada Nzilani,

Pokea salamu zetu. Natumai homa ya mtoto imepungua na biashara hapo Mukuyuni inasonga. Sisi tunapumua, ingawa mbaazi zimekauka kabla ya kutoa maua.

Nakuandikia kuhusu Baba. Tangu afunge kile kibanda chake cha video sokoni, hajaacha filamu zake za kauboi. Kila siku akishakula mchana huziwasha, na rafiki yake Mzee Mbaluka huja wakae pamoja. Wanajua nani atapigwa risasi, na bado wanapiga kelele, "Geuka, yuko nyuma yako!" Nilipomuuliza Baba kama hachoki, aliniambia ile nchi ni Ukambani tu: vumbi, ng'ombe waliokonda, watu wakigombania kisima. Tofauti, alisema, ni kwamba kule mtu mmoja huja na farasi na mambo yakanyooka.

Mwezi uliopita Mzee Mbaluka alinivuta nje akaniambia kwamba Baba haoni tena. Kwa wiki nyingi yeye ndiye aliyekuwa akimweleza kinachotokea, na Baba alimwapisha asiseme.

Nilimpeleka Kitui. Daktari alisema ni presha ya macho, mishipa imekufa, hakuna dawa wala upasuaji. Baba aliuliza kama ataona farasi tena hata kidogo. Daktari akasema hapana. Baba akamshukuru.

Dada, kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka jana wauguzi wa macho walikuja kanisani kwetu. Mmoja alimpima Baba akanipa mimi barua, akasisitiza nimfikishe hospitali kabla ya mwezi kuisha. Baba alidhani ni mambo ya miwani. Mvua ilikuwa imeanza, nikasema nimalize kupanda kwanza. Nilipokumbuka, miezi ilikuwa imepita, nikaona aibu nikaichoma ile barua. Hata daktari alipouliza kama tulikuwa tumeonywa, nilisema hapana, Baba akiwa ameketi kando yangu.

Siku hizi Mzee Mbaluka hajiwezi miguu, kwa hivyo mimi ndiye ninayemsimulia Baba filamu zake. Jana alinishika mkono akasema, "Kiilu, Mungu ni mwema. Amenipa macho yako." Nikaendelea kumweleza juu ya farasi.

Wasalimu shemeji na watoto. Ukiona vyema kumwambia Baba habari za ile barua, mwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Ni mimi ndugu yako,
Kiilu