Siku Hamisi alipojificha kwenye eda yangu

Mjukuu wangu Zuhura, sie huku Manzese wazima. Mama yako kikohozi kimemwachia. Umeuliza kwa nini niliinuka mlipoweka ile filamu ya mtu anayekimbizwa kwa kosa lisilo lake.

Nilikuwa ndani, kwenye eda ya babu yako. Mdogo wangu Hamisi akaingia mbio, akajitupa uvunguni. Nje watu wanapiga kelele, "Mwizi wa redio! Mtoe!"

Nikasema, "Nani atafunua pazia la mwenye eda?"

Wakasita, wakaondoka. Nikainama nikamuuliza, "Umeiba kweli?"

Akalia. "Wale hawanijui, dada. Na wewe waniuliza?"

Kesho yake redio ilipoonekana, wale walikuja kumwomba radhi. Mie niliyemuuliza sijamwomba mpaka leo, mwanangu. Naogopa.

Bibi yako, Mwanahawa