Ng'ambo ya Vitshumbi

Rwamwanja, Uganda, 9 Septemba 2012

Mutoto yangu Élodie,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Uko salama? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi niko muzima, ni magoti tu yanalia asubuhi. Barua hii nampa Donat, yule anauza vitenge kati ya Uganda na Goma. Anajua mulango yako pale Mapendo.

Tangu tulikimbia Kiwanja, kazi yetu hapa kambini ni kupanga mustari ya maji na kuongea. Juzi wamama waliulizana: ukipewa safari moja ya bure, utaenda wapi? Mumoja alisema Canada. Mumoja alisema Lurdi, akapige magoti pale Bikira alitokea. Marcelline, jirani yangu, alisema Paris, hata siku moja tu, arudi na picha. Mimi nikasema Vitshumbi. Walicheka mpaka mutoto wa mutu akaamuka. "Mama Apolline, ile si safari, ni harufu ya samaki!"

Wacha wacheke. Pale njo nilizaliwa, pembeni ya ziwa, upande wa Congo. Ndege marabou anatembea njiani kama prefe wa masomo, yule mukubwa wa shule, mikono nyuma, na kiboko anapita karibu na jikoni, hakuna anayeshangaa. Kutoka Kiwanja ilikuwa karibu, lakini kila mwaka nilisema mwaka kesho, na kila mwaka vita ilifunga njia.

Sasa wanasema kutoka hapa mutu anaweza kufika Rwenshama, upande wa Uganda, kwenye ziwa ile ile. Miguu yangu haitulii.

Mama yako,
Apolline Katungu


Goma, Mapendo, 2 Oktoba 2012

Mama yangu mupenzi,

Asante kwa barua. Mimi sijambo. Kikohozi kimepungua, kimebaki tu vumbi ya volkano. Na magoti yako, umepata dawa ya kupakaa?

Mama, nakuomba, kaa Rwamwanja. Donat anasema Vitshumbi iko na watu wa bunduki wa kila namna, na kila mumoja anataka samaki yake. Hata mujomba Paulin, kaka yako mwenyewe, hatuna habari yake tangu Pasaka. Kama hatujui yeye yuko hai, wewe unaenda kutembea?

Huku Kibati, karibu na mji, watu wamejaa chini ya mabashi ya plastiki. Mimi nashona tu nguo za wanafunzi, na hakuna anayejua kama watasoma. Na mimi niko na safari yangu: Kampala. Hakuna kitu nataka kuona kule. Nataka kushuka kwenye basi, nisikie watu wanagombana juu ya bei ya ndizi, si juu ya vita. Unaona? Wewe uko inje, unataka kurudi. Mimi niko ndani, nataka kutoka. Lazima mumoja wetu atulie.

Mutoto yako,
Élodie


Rwenshama, 12 Novemba 2012

Mutoto yangu,

Usinigombeze. Uko muzima? Magoti yangu yamenyamaza kabisa, labda ni hewa ya ziwa.

Nilikuja kuangalia tu. Marcelline alinisindikiza. Dada yake anakausha samaki hapa, tunalala kwake. Nilifika pembeni ya maji, nikakaa chini na kitenge changu kizuri, nikalia, kisha nikacheka. Maji ni yale yale. Ila ng'ambo haionekani, ni ukungu tu.

Kuko mwanaume mumoja, Constant, anavusha watu na samaki kwa mutumbwi ya motere. Nilimuuliza kama anajua Paulin.

"Paulin wa nyavu? Yuko. Lakini mugonjwa, mama. Hatoki tena kitandani."

Sasa Élodie, nisikudanganye: hata kama Paulin angekuwa muzima, ningetaka kuvuka. Lakini nangoja kwanza jibu yako.

Mama yako,
Apolline


Goma, 28 Novemba 2012

Mama,

Niko hai, nasema hivyo kwanza. Na wewe?

Barua yako ilifika, na nyuma yake vita iliingia Goma kupitia Kibati. Wengine walikimbilia Sake, wengine Gisenyi. Mimi na mama wa jirani tulijificha chini ya meza ya kushonea tukisali rozari. Yeye kwa woga alikuwa anaruka mafumbo. Bomu moja ilianguka mutaa ya pili. Leo ni kimya, na kimya yenyewe inanitisha. Nafagia, nafagia tena. Nafunga mufuko, nafungua.

Sitakaa tena. Nakuja kukuchukua, nitapita Rwanda, kisha twende pamoja Kampala. Donat anatangulia na barua hii. Usiingie mutumbwi yoyote. Ningoje.

Mutoto yako,
Élodie


Rwenshama, 11 Desemba 2012

Mama,

Uko salama? Safari hii nauliza kweli, si mazoea.

Nimefika, haupo. Marcelline alinipokea na barua yangu mukononi, haijafunguliwa. Alisema: "Mama yako alisikia kwa redio Goma imeanguka. Akaacha chakula kwenye sahani. Akasema Vitshumbi ni karibu na Goma kuliko hapa, mutoto yangu yuko peke yake. Akaingia mutumbwi ya kwanza."

Mama! Mimi nimetoka Congo kukufuata, na wewe umeingia Congo kunifuata mimi. Nimekaa pale ulikaa, naangalia ukungu. Constant anabeba barua hii. Nijibu hata mustari mumoja.

Mutoto yako,
Élodie


Vitshumbi, 18 Desemba 2012

Élodie yangu,

Mungu asifiwe! Constant aliposema uko Rwenshama, nilimushika shati mpaka kifungo kikatoka. Hukuumia? Unakula?

Njia ya Goma imefungwa, nilirudishwa. Mujomba yako aliponiona alisema, "Katungu, watu wote wanatoka, wewe unaingia?" Kisha akanishika mukono, hakuachia. Sasa anameza uji kidogo.

Lakini ndani ya nyumba ya baba yetu wanalala askari. Nilipopita na ndoo yangu, waliniuliza mimi ni mugeni wa nani. Mimi! Mahali hapa nilipatamani miaka yote, na sasa kila asubuhi nasimama pembeni ya maji naangalia upande wako. Moyo ni kama kuku aliyefungwa mguu.

Siwezi kumuacha Paulin. Na wewe usivuke, nakukataza. Enda Kampala, mutoto yangu.

Mama yako,
Apolline


Ndani ya mutumbwi, 23 Desemba 2012

Mama yangu,

Salamu. Hali yangu utaiona mwenyewe, maana barua hii Constant hataibeba. Nitakupa mimi, mukono kwa mukono. Uisome yote kwanza, njo unigombeze.

Kweli nilipanda basi ya Kampala. Niliweka mufuko kwenye magoti, watu wakanisukuma, nikapata kiti kizuri karibu na dirisha. Kondakta akauliza, "Unashuka wapi?" Nikashuka palepale.

Nimeleta dawa ya mujomba. Nimeleta pia sindano na uzi, kwa maana sijui tutakaa muda gani, wala nani atatufukuza tena. Naogopa, mama. Maji yanaruka mpaka kwenye karatasi, utanisamehe maandishi.

Sasa ukungu umefunguka. Naona moshi, naona mapaa, naona watu pembeni. Constant amepunguza motere. Anasema, "Angalia yule mama. Anaingia kwenye maji na viatu."

Nafunga barua.

Mutoto yako,
Élodie