Heshima Iliyofunga Nyumba ya Mwaloni

Kisiwa cha Mpululu,
Wilaya ya Iramba,
Singida.
3 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Asnath,

Shikamoo dada. Nyingine umfikishie shemeji Alute, ambaye natumaini mguu wake sasa unakanyaga chini bila fimbo. Hali zenu hapo Itigi? Sisi huku tunapumua. Jesca ni mzima, watoto wanakula kama hawajawahi kuona ugali, na baridi ya mwaka huu imetukamata kweli. Asubuhi upepo ukivuma kutoka ziwani hata mbuzi wanagoma kutoka zizini.

Asali yako ilifika, ndoo nzima, haijapungua hata kidole. Asante sana. Jesca ameshawagawia majirani kidogo kidogo. Mimi sijaionja bado. Kila nikiiangalia naona haya, na ukisoma mbele utajua kwa nini.

Najua umenipigia sana. Simu yangu haijaharibika, na mtandao kwa mara ya kwanza hauna kosa. Jina lako lilikuwa linatokea, simu inalia, mimi naigeuza kifudifudi kwenye mkeka mpaka inyamaze. Mwanaume mzima mwenye mvi, naiogopa sauti ya dada yangu. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kwenye karatasi hutanikatiza.

Michael, mume wa Eliza, alikuambia kwamba Eliza amejifungua mtoto wa kike, na kwamba wote wawili wako hospitali ya wilaya wanaendelea vizuri. Hayo ni kweli tupu, ondoa wasiwasi. Mtoto ananyonya vizuri na analia kwa nguvu. Lakini Michael hakukuambia mwanao alijifungulia wapi. Nilimwomba anyamaze mpaka nikuandikie mwenyewe.

Dada, Eliza alijifungulia nje, upenuni mwa nyumba ya mwaloni, mlango ukiwa umefungwa kwa kufuli. Na mmoja wa walioufunga ni mimi.

Ile nyumba unaijua kuliko mimi. Ulibeba maji ya kufyatulia matofali yake pamoja na marehemu mama na kina mama wenzake, mimi nikiwa bado napakatwa. Walichoka kuona wajawazito wakikwama huku kisiwani upepo ukifunga ziwa, wakajenga ng'ambo, mwaloni pale boti zinapotia nanga, ili mwanamke aende mapema akasubiri siku yake karibu na barabara. Udhamini wetu wa mali za kisiwa ulianzia kwenye nyumba hiyo. Boti na mashine ya kusaga vilikuja baadaye.

Sasa mwaka huu injini ya boti ilikufa. Akaja mnunuzi wa alizeti kutoka Iguguno, akasema yuko tayari kuitengeneza, ila sisi wadhamini tumwachie nyumba ya mwaloni aweke magunia yake mpaka msimu uishe. Wewe ulisikia, ukanipigia kabla ya kikao. Ulisema Eliza ana mimba yake ya kwanza na hiyo nyumba isiguswe. Nikakujibu kwa mbwembwe kwamba mimi nikiwa mle ndani, ni sawa na wewe uko mle ndani.

Tatizo ni kwamba sikuwa mle ndani.

Unakumbuka kwamba mkwe wangu, mama yake Jesca, naye ni mdhamini. Ukoo wao ulimchagua baada ya mumewe kufariki, na ukoo wetu ulikuwa umeshanichagua mimi. Watu walicheka wakasema tutaona hawa wawili watakaaje kikao kimoja. Tulipata njia. Yeye anakaa ndani na Mwalimu Kefa mwenyekiti, Idrissa wa boti na Mama Flora. Mimi nakaa nje kwenye benchi chini ya dirisha, mgongo ukutani, nachangia kwa sauti. Hatuonani wala hatusemeshani. Nikitaka kujibu hoja yake namwambia mwenyekiti. Tumeishi hivyo muda mrefu na mambo yalikwenda, hata watu wa kata walipotutembelea walitusifu kwa adabu.

Siku ile Mwalimu Kefa alitaka nyumba itolewe, Mama Flora pia. Idrissa alikataa katakata, akasema injini yeye ataihangaikia mwenyewe hata kwa kuuza nyavu. Tukabaki wawili. Mimi moyoni nilikuwa nakataa. Lakini yule mnunuzi ni mtoto wa ndugu yake mkwe, nikajua lazima yeye anamuunga mkono. Nitampingaje mama mkwe mbele za watu, tena kwa sauti ya juu kupitia dirishani? Mwalimu aliponiita nikasema, "Mwenyekiti, mimi niko pamoja na mkwe wangu."

 Kisha nikasikia sauti yake, taratibu kama kawaida yake: "Na mimi niko na mkwe wangu."

Mwalimu akasema basi, wakwe wameafikiana na hakuna kati yao aliyekataa, hoja imepita. Nilipumua, dada. Nilijiona nimefanya jambo la heshima. Nilikwenda nyumbani nikala nikashiba.

Jesca ndiye aliyekuja kunifumbua macho, wiki kadhaa baadaye, aliporudi kutoka kwa mama yake. Alianza kwa kucheka peke yake jikoni, halafu akawa analia. Mama yake alikuwa amemuuliza kwa uchungu, mume wako amepatwa na nini hata awafukuze wajawazito kwa ajili ya alizeti? Kumbe na yeye alikuwa anakataa! Alijua mimi nalima alizeti, na msimu uliopita nililalamika kijiji kizima kwamba lori linachelewa na magunia yangu yanaliwa na panya. Akaona mimi ndiye ninayeitaka ile stoo, akaona aibu kunipinga. Kila mmoja alimwachia mwenzake kura yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema ndiyo.

Hapo ningeweza kukimbia kwa Mwalimu Kefa siku hiyo hiyo. Sikwenda. Niliona nitamuumbua mkwe wangu, kwamba alisema jambo asilolitaka. Yeye naye hakwenda, asije akaniumbua mimi. Injini ikatengenezwa, magunia yakaingia. Tulikaa na adabu zetu huku Eliza tumbo likishuka.

Ilivyokuwa zamani angekuwa ng'ambo tangu mwanzo wa mwezi. Safari hii alibaki kisiwani kwa sababu hakuwa na pa kufikia. Uchungu ulimwanza asubuhi, upepo umeshika. Michael aliwasha boti yetu. Mkwe wangu, ambaye ndiye mkunga wetu, alipanda na kushika kichwa cha Eliza. Mimi nilipanda mbele kabisa, nikageukia maji. Tulivuka hivyo hivyo, mawimbi yananilowesha kifua, nyuma namsikia mwanao akiniita, "Mjomba, tumefika?" Nami namjibu bado kidogo, bila kugeuka, kwa sababu mkwe alikuwa pale.

Tulipofika mlangoni, kufuli. Michael akaokota jiwe. Na mimi, dada, mimi mdhamini, nikamwambia asubiri kwanza nimpigie mwenye magunia. Nilimpigia. Alikuwa Mandewa, Singida mjini, na ufunguo mfukoni. Bado namweleza, Michael akavunja. Tulipousukuma mlango haukufunguka hata nusu. Magunia yalikuwa yamejaa mpaka kwenye paa, hapakuwa na pa kuweka hata mguu.

Wakamlaza upenuni juu ya magunia mawili waliyoyavuta nje. Upepo ulikuwa unapiga moja kwa moja kutoka ziwani. Mimi bado nimeshika simu sikioni, sijui hata nilikuwa nasikiliza nini. Ndipo mkwe wangu akanisemesha. Katika miaka yote niliyomuoa binti yake hajawahi kunisemesha. Alisema, "Baba Schola, acha hiyo simu. Shika turubai."

Nilishika. Nilisimama nimekumbatia turubai la boti nikiziba upepo, macho nimeyafumba kwa nguvu mpaka yanauma, na mkwe wangu akiwa karibu kiasi kwamba nilimsikia anavyohema. Nilimsikia mwanao kila alipolia. Mtoto alitoka salama. Ila damu ilimtoka Eliza nyingi kuliko kawaida, na mkwe alibadilika sauti. Mungu mkubwa, gari la wanunuzi wa samaki lilikuwa linaondoka, wakamwaga barafu chini na kumpakia. Hospitali walimwongezea damu. Siku ya kwanza daktari hakutaka kutuahidi kitu. Siku iliyofuata alisema atapona.

Kikao kilikaa tena juzi. Nilikuwa nimeshajiweka kwenye benchi langu nje. Mkwe akamwambia Mwalimu Kefa hataketi mpaka mimi niingie. Nikaingia, nikaangalia sakafu. Akaniuliza mbele ya wote, mimi, si mwenyekiti: "Wewe mwenyewe unatakaje?" Nikasema nyumba irudi kwa kina mama. Akasema na yeye ndivyo anavyotaka, tangu siku ile. Mama Flora akaanza kulia. Mwalimu Kefa alivua miwani, akaamuru nyumba ifunguliwe. Magunia yametolewa, na Idrissa na Michael wamepaka chokaa.

Watu hawajanisema, na hilo linaniumiza zaidi. Wananisalimu vizuri, wananipisha njiani. Wengine wanasema ni bahati mbaya, na kwamba yeyote angemheshimu mkwe wake. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba ukoo wetu utafute mtu mwingine. Hajanijibu. Mkwe yeye amekataa kutoka. Anasema ataiona ile nyumba ikiwa wazi kila siku mpaka afe.

Jana nilikwenda kumwona Eliza. Nilibeba uji na kanga mbili za Jesca. Alinisalimia shikamoo mjomba kwa adabu zote, akanikabidhi mtoto nimpakate. Ana kipaji cha uso cha mama, dada, utamjua hata usipoambiwa. Nilianza kumweleza Eliza habari za kikao, za dirisha, za mkwe, jinsi ilivyokuwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, siku ile uliposema hivyo, ulikuwa unajua kwamba nina mimba?"

Nilimwambia nilijua.

Akanyoosha mikono, nikamrudishia mtoto wake. Hakuniambia neno baya. Alimfunika vizuri, akageukia ukutani wakalala.

Watamruhusu wiki hii, naye anataka kuja kwako Itigi akapumzike. Mpokee. Michael ndiye atakayemleta. Mimi nilitaka kumsindikiza, akasema hapana, asante mjomba.

Nisalimie shemeji Alute, Luciana na mume wake, na wajukuu wote. Jesca anakusalimu, na mkwe wangu anakusalimu sana, anasema umpe Eliza supu ya moto kila jioni. Mungu awafungulie mlango wa heri, awatunze mama na mtoto njiani na nyumbani. Nikiona jina lako kwenye simu tena, nitapokea. Uliza utakalouliza, dada. Hata kwako jibu langu ni lile lile nililompa Eliza.

Mdogo wako akupendaye, ingawa hastahili kukutazama,

Hezekia