Ule Mukubwa ya Juu Kabisa

Baba Clémentine,

Bukari iko mu nyungu, sombe iko pembeni ya moto. Kula kwanza, njo usome. Ukisoma mbele, hautakula.

Asubui, mbele ya kwenda kazi, ulikuwa unaonyesha mutoto namna ya kukata maua yenye kukauka, juu mapya ichanue. Na ile sauti yako! «Hawa bazee banachoka, kata bichwa yabo, bapya batoke!» Clémentine akakuuliza: «Na ule mukubwa ya juu kabisa?» Weye ukajibu: «Ule njo ya kwanza!»

Muntu ya parti ya mukubwa ya inchi alikuwa anapita nyuma ya lupango ya nyumba yetu. Hakuona maua. Alisikia tu bichwa.

Weye ulipoenda, akarudi na benzake babili, banakutafuta. Miye nimewaambia nitakuja mwenyewe kueleza. Sasa naenda ku biro yabo na kitunga ya maua yenye kukauka, niwaonyeshe bale bazee. Labda batacheka.

Usinifuate. Clémentine eko kwa tantine Berthe, kule Kikula. Umuache kule kwanza.

~~Usiguse maua hata moja.~~ Hapana, endelea kukata. Bakikuja kuangalia, baone kama ni kazi yetu ya kila siku. Lakini ukate na kinywa ya kufunga, nakuomba.

Na ule mukubwa ya juu kabisa, umuache mupaka nirudi.

Mama ya batoto