Kifungo cha Foni

Yaya Neema, dada yangu,

Habari za Kigoma na za batoto? Mi niko muzima hapa Baraka. Vita imefunga barabara ya Fizi, lakini ndakala, dagaa wa ziwa letu, ni tele na mvua haikatiki.

Leo fundi wa foni, ile redio tunayoitia boti ya wagonjwa, alikuja kwenye kituo chetu cha afya. Alileta karatasi ili mkunga wetu, Mama Faila, aitie sahihi. Ilisema kosa ni lake: wiki jana alikuwa akimwitia boti mama mwenye uchungu wa kuzaa, akaizima foni katikati ya maneno. Boti ilichelewa, mtoto akafia tumboni.

“Haujui kusoma maandishi ya bifungo,” fundi alimwambia mbele yetu.

“Kusoma ninajua,” Mama Faila alijibu. “Kifungo cha kusema na cha kuzima biko pamoja, biko sawasawa. Mukono moja ilikuwa kwa mugonjwa, na macho pia. Fanya vile nilifanya.”

Akanilaza mimi kwenye mkeka. Fundi akanishika bega, akinitazama usoni, akaita boti kwa mkono mwingine. Akaizima foni bila kutaka. Akajaribu tena, akaizima tena.

Hakuna aliyecheka. Mama Faila akamrudishia karatasi. “Andika kosa ni ya kifungo. Bila hiyo sitatia sahihi, hata ulete basoda na bunduki zao.”

Fundi alichukua kalamu, akaandika. Mama Faila alisoma kila neno kwa sauti, ndipo akatia sahihi, na machozi yakamtoka.

Ubusu batoto wote, Mungu abalinde.

Mdogo wako, Furaha