Kopo Nililolifunga Kwenye Kitufe Chekundu

Mkuyuni, Mwanza

Mdogo wangu Skolastika,

Naomba radhi kwa ukimya wa miezi miwili na zaidi. Najua umepiga simu mara nyingi, na najua kwamba ulimwomba hata jirani yako anitafute kwa simu yake, ukidhani labda ya kwako ndiyo mbovu. Simu yako ni nzima. Nilikuwa naitazama yangu ikiita. Mguu wako unaendeleaje na baridi ya Mbinga? Kahawa mmekwisha kuichuma yote, au bado? Mwanao Gaudensi anakula na kulala vizuri, kidonda kimefunga, na tangu atoke hospitali yuko hapa chumbani kwangu. Hilo nimelitanguliza ili usome mengine moyo ukiwa umetulia kidogo.

Tulipozungumza mara ya mwisho, uliniamkia, kisha ukasema, “Kaka, nisamehe. Huyu mtoto tangu utotoni ana haraka. Amekuaibisha kazini kwako.” Nilinyamaza, nawe ukafikiri mtandao umekatika. Haukukatika. Uliniomba radhi kwa kosa langu mimi, na sikuwa na ujasiri wa kukuambia. Ndiyo sababu naandika. Mambo haya siwezi kuyasema kwenye simu.

Unajua kwamba kiwanda chetu, ambako mimi ni fundi wa mashine, huchambua pamba. Pamba huingia na mbegu zake, na rola za mashine huzitenganisha. Kila mashine ina kitufe cha kuisimamisha kwa dharura. Ni chekundu, kichwa chake ni kipana na kimechomoza mbele, na nyuma yake pana bati la manjano. Wafanyakazi wanakiita uyoga. Kila mfanyakazi mpya aliyeletwa kwangu nilimsimamisha mbele ya kitufe hicho, nikamwamuru afumbe macho na akipige kwa kiganja. Nilimfundisha Gaudensi hivyo hivyo, misimu minne iliyopita, ulipompandisha basi stendi ya Mbinga na kuniambia kwa simu kwamba sasa ni wangu.

Taabu ilianzia kwenye kule kuchomoza. Ukuta wa kiwanda hauna mahali pa kutundika kitu, kwa hiyo akina mama wanaolisha pamba walitundika vitu vyao kwenye uyoga: mifuko ya chakula, vitenge, siku moja hata mwavuli. Mtu akivuta mfuko wake, au akipita kiuno kikigusa, mashine inasimama. Ikisimama ghafla pamba inakwama kwenye rola, na ni lazima tuitoe yote ndipo tuwashe tena. Msimu huu tulikuwa tunasimama mara tatu, mara nne, katika zamu moja. Niligomba. Unanijua, sipendi kurudia neno. Jumatatu moja nikachukua kopo la mafuta ya kupikia, nikalikata pande zote mbili likabaki kama bangili pana, nikalifunga kwa skrubu nne kukizunguka kitufe. Kitufe kikawa ndani ya kopo, na hakuna tena mfuko uliokaa pale. Kisha, kwa kuwa maandishi ya mafuta yalionekana machafu, nikalipaka rangi ya kijivu ya mashine. Bati la manjano nalo lilikuwa limechakaa kingo. Nikalipaka pamoja nalo.

Mama Kabula, ambaye ndiye mkubwa wa wale akina mama, alicheka. “Mwalimu leo ameuvisha uyoga kofia.” Wananiita Mwalimu kwa sababu nasahihisha taarifa zao za zamu kwa kalamu. Mwingine akasema, “Basi na chakula chetu tukitundike wapi?” Nikawajibu kwamba kiwanda si jikoni. Wakaendelea na kazi.

Ningeweza kupigilia misumari sita ukutani, Skolastika. Ingekuwa kazi ya dakika kumi.

Wiki ya tatu baada ya hapo, saa nne asubuhi, mkono wa ovaroli ya Gaudensi ulinaswa na rola akiondoa pamba iliyokwama. Mkono wake wa kulia ukavutwa ndani. Kitufe kilikuwa upande wake wa kushoto, mahali pale pale nilipomfundisha. Alikipiga kwa kiganja bila kutazama, kama nilivyotaka, na kiganja kikagonga ukingo wa kopo. Akapiga tena, akagonga ukingo tena. Mama Kabula alikuwa amesimama ubavuni mwa mashine, hatua tatu tu. Alikimbia kuja kukibonyeza, lakini kwa ubavuni kulikuwa na kijivu kitupu. Aliniambia baadaye, na hakusema kwa kunilaumu, “Nilitafuta nyekundu, Mwalimu. Nilitafuta nyekundu sikuiona.” Mimi nilikuwa karakana. Niliposikia kelele nilikimbilia swichi kuu nikazima umeme wa jengo lote. Kwa wakati huo mkono ulikuwa umekwisha kupotea hadi juu kidogo ya kifundo. Haya ulikwisha kuambiwa. Usiloambiwa ni kopo.

Jioni ile, kabla mtu yeyote hajaja kukagua, nililifungua kopo nikalitia kwenye sanduku langu la vifaa. Sikumwambia mtu. Nalitaja kwa sababu ni sehemu ya kosa.

Mkaguzi wa usalama kazini alipofika alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu. Aliniamkia kwa heshima, kisha akachuchumaa mbele ya mashine kwa muda mrefu. Aliona matundu manne ya skrubu na duara la rangi mpya. Akaeleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha asiyejua, kwamba nyekundu ni ya kusimamishia na haifichwi. Kwamba manjano huwekwa nyuma yake ili jicho la mtu mwenye hofu lisilazimike kutafuta. Kwamba kichwa kinafanywa kipana ili kipigwe kwa kiganja, kwa kiwiko, hata kwa goti, na kikishaingia kibaki ndani mpaka mtu akiachie kwa makusudi. Yote nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha kwa miaka ishirini na mitatu. Kisha akauliza, “Hapa palifungwa nini, na nani alifunga?”

Msimamizi wa zamu akajibu kabla yangu. Alisema majeruhi mwenyewe alikwisha kukiri hospitalini kwamba ndiye aliyefunga kinga pale bila ruhusa. Mkaguzi akaandika. Hivyo ndivyo neno “uzembe” lilivyoingia kwenye jalada la mwanao, na ndilo ulilosomewa kwenye simu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, kalamu mfukoni.

Nilikwenda hospitali siku ile ile. Nilimkuta ameketi kitandani, anahangaika kumenya ndizi kwa meno.

“Kwa nini umesema ni wewe?” nikamwuliza.

“Mjomba, umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Mimi nitapata kazi nyingine.”

“Kwa mkono upi?”

“Huu uliobaki. Sijaomba kazi ya kupiga ngoma.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, naye Gaudensi akacheka. Nilimmenyea ile ndizi. Nami, kaka yako, nilikubali. Nilirudi Mkuyuni nikiwa nimekubali, nikakaa hivyo wiki tisa.

Kilichonitoa humo ni jambo moja. Mwenye kiwanda, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini na anayejua majina ya wazazi wa kila mfanyakazi, ana desturi ya kumpa aliyeumia kazi nyepesi kwenye mizani. Gaudensi alipoenda kuiomba, aliambiwa kwamba desturi hiyo haimhusu mtu aliyejiumiza kwa uzembe wake. Alirudi nyumbani akasema, “Si neno,” akaanza kufua shati lake kwa mkono mmoja.

Siku iliyofuata niliandika maelezo, kurasa mbili, nikayapeleka kwa mkaguzi pamoja na kopo. Mama Kabula alikuwa amenisihi nisiende. “Mwalimu, nyamaza. Kijana amekubali mwenyewe. Ukisema, tutakuwa tumepoteza wawili.” Nilimwambia kwamba mmoja ndiye aliyepotezwa, na si mimi. Mkaguzi alisoma hadi mwisho, akaniuliza kama natambua kwamba huenda nikafukuzwa au nikashtakiwa. Nikasema natambua. Akaniuliza kwa nini nilichelewa. Nikatoa kalamu mfukoni, nikatia sahihi.

Gaudensi alikasirika. Kwa siku tatu hakunisemesha. Jana jioni, tukila, alisema bila kuinua uso:

“Mjomba, ile Jumatatu ulipofunga kopo, ulipotoka nilijaribu. Kiganja hakikuingia. Kilipita kidole tu.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Alitafuna, akameza. “Nani anakuambia wewe kitu?”

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kisha akanisogezea bakuli la mboga.

Basi hiyo ndiyo habari, mdogo wangu. Uliniletea mtoto mwenye mikono miwili na mwenye adabu, na adabu niliyomwongezea mimi ndiyo iliyomfunga mdomo. Mimi niliyewasahihisha wote sikumwachia hata mmoja nafasi ya kunisahihisha. Sikuandikii ili unisamehe. Ukitaka kuja kumchukua, nauli yako nitaituma bila swali. Ukitaka nisikanyage tena kwako, nitaelewa. Ninachokuomba ni kimoja: ukiongea naye, usimwambie tena kwamba ana haraka.

Mfikishie salamu zangu Baba Mkubwa Kosmas, katekista wetu, na umsomee barua hii yote bila kuruka. Msalimie Mama Mdogo Eufrasia anayetunza miche ya kahawa, na binti yako Imelda. Mwambie kaka yake ameanza kuandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zinasomeka.

Ofisi ya mkaguzi na kiwanda bado havijatoa uamuzi, wala juu ya jina la Gaudensi wala juu yangu. Siku utakapotolewa, uwe wowote, nitaketi na kukuandikia siku hiyo hiyo, na simu yako nitaipokea.

Ni mimi kaka yako,
Alfons