Wewe Ulichaguliwa, Mimi Nikalipiwa

Mpendwa kaka Elias,

Huko uliko najua husomi barua, lakini hii utaisikia tu, maana nimeipigia honi ya lori langu kuanzia Dallas mpaka Houston. Ng'ombe wa Texas wote waliinua vichwa. Usinicheke, mashahidi ninao.

Unakumbuka majina yaliyobandikwa baada ya mtihani wa darasa la saba? Lako lilikuwepo, ukaenda sekondari ya serikali na sanduku lako la bati. Mwaka wangu ulipofika, nililitafuta langu mpaka nyuma ya ubao. Baba akauza ng'ombe, nikapelekwa shule ya binafsi. Likizo ukawa unanitania mbele ya wasichana: "Mimi nilichaguliwa, huyu kalipiwa!" Nilikukimbiza mpaka mtoni, na nisingeteleza ungenitambua. Nilipoacha shule kidato cha pili, ni wewe uliyenisindikiza stendi ukanivisha shati lako zuri.

Ulipokuwa unatutoka ulisema neno moja kwenye simu: "Rehema asome." Binti yako alipomaliza kidato cha sita, vyuo viwili vya China vikamkubali. Kimoja cha binafsi, picha zake zina ziwa na mabata maji. Kingine cha serikali, majengo ya kizamani, baiskeli zimerundikana mlangoni. Mimi nikachagua mabata. Huku Amerika chuo cha binafsi cha ghali ndicho kinachotajwa kwa heshima, na nilishamtangazia kinyozi wa hapa mtaani kwetu Alief, Houston, na wateja wake wote.

Rehema akanipigia. "Baba mdogo, China si hivyo. Cha serikali ndicho watoto wanachokigombania. Alama zisipotosha, ndipo wengi wanakwenda cha binafsi, na ada iko juu."

"Mtoto wewe, mimi naishi Texas! Vyuo navijua."

"Sawa. Baba alisoma wapi? Na wewe je?"

Kaka, yule ni wewe mtupu. Nilikuwa nimeegesha lori, nikacheka peke yangu hadi wenye kituo cha mafuta wakatoka kuniangalia. Kumbe Wachina wako kama sisi enzi zile! Vya binafsi vizuri vipo pia, mwenyewe aliniambia, vinafundisha kazi barabara. Ila mtoto ana alama zake, alipiwe kwa nini? Nikamwambia aende kwenye baiskeli.

Tangu siku hiyo nilijisifia kanisani huku roho iko juu. Je, akirudi nyumbani cheti wakakikataa? Ningekuambia nini tukikutana?

Juzi kapiga, chuo kamaliza na yuko nyumbani. Cheti kimetambuliwa, kazi kapata, injinia wa maji. Nilikaa palepale kwenye ngazi ya lori. Pumzi iliyonitoka ingejaza matairi yote kumi na nane.

"Kazi umeipataje, mwanangu?"

"Tulikuwa wengi kwenye usaili, baba mdogo. Nimechaguliwa."

Akacheka kicheko chako.

Haya, kaka. Mzigo wako umefika salama. Pumzika, nami nilale.

Mdogo wako,
yule aliyelipiwa